Miti ya uani na wadudu wake: mtambue mhusika kabla ya kununua dawa

Kiangazi kikikolea, maswali ni yale yale. "Mti wangu umejaa vitu vyeupe chini ya majani, ninunue dawa gani?" Mwingine anauliza kwa nini gari analoliegesha chini ya mwembe linanata kila asubuhi. Mwingine ameona unga wa mbao chini ya mkrismasi wake. Na wengi wao, kabla hawajauliza, wameshapita duka la pembejeo na kurudi na chupa ambayo muuzaji amewaambia "inaua kila kitu".

Ubaya wa chupa hiyo ni kwamba inaua kila kitu kweli. Inaua wanaokula mti, na inaua wanaokula wanaokula mti. Baada ya wiki chache wale wa kwanza wanarudi, wa pili hawapo, na mti unakuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Ndiyo maana hapa dawa ya dukani imewekwa mwishoni.

Ninazungumzia miti ya kivuli na mapambo tunayoipanda majumbani, shuleni na kandokando ya barabara: mkungu, mkrismasi, mwashoki, mwarobaini, fikasi, jakaranda, saiprasi, mnazi, na ile ya matunda inayotupa kivuli pia, kama mwembe na mpera. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na pwani, lakini wa Arusha au Nairobi atafuata hatua zile zile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mpira wa maji wenye nguvu ya kutosha, au ndoo na pampu ya mkono.
- Bomba la kunyunyizia. La lita moja au mbili linatosha mti mdogo. Kwa ua mrefu tafuta la kubeba mgongoni.
- Mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo, vyote vikali.
- Karatasi nyeupe.
- Simu yenye kamera nzuri, au kioo cha kukuzia.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au sabuni ya mche. Sabuni ya unga iache kwenye nguo.
- Grisi, na utepe mpana wa plastiki au kitambaa kizito.
- Waya mgumu unaopinda kidogo, wa urefu wa mkono.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, barakoa na shati la mikono mirefu.

Kama matawi yamekaribia nyaya za umeme, usipande na usikate. Waite watu wa shirika la umeme waje kupogoa wao. Mti unaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la mdudu

Miti mingi "inayoumwa" haina mdudu hata mmoja. Mkungu hugeuza majani kuwa mekundu na kuyaangusha, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, na hiyo ndiyo tabia yake. Mkrismasi huvua majani wakati wa ukame kisha ukachanua vizuri tu. Wapo waliokwishaipulizia sumu miti ya namna hii, na majani mapya yalipotoka wakaisifu dawa.

Tazama pia chini. Je, mafundi wamemwaga zege au wametandika matofali ya sakafu mpaka kwenye shina? Je, maji ya kufulia yanaishia kwenye mizizi? Je, kuna kifusi kilichorundikwa juu ya udongo wa zamani? Karibu na bahari, ncha za majani zilizoungua kwa pamoja upande unaokabili upepo zinatokana na chumvi.

Kanuni ya haraka: kama majani yote yamepauka kwa usawa, anza na maji na mizizi. Kama kuna mabaka, matundu, mikunjo, unga mweupe, kunata, au tawi moja tu limeathirika, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya 2: Kagua mti kwa mpangilio

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Fuata mpangilio huu kila mara ili usisahau kitu.

1. Geuza majani. Wadudu wengi wanaofyonza hukaa upande wa chini, kwenye mshipa wa kati. Anayetazama mti kutoka juu ya baraza hataona kitu.
2. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, kisha gonga tawi mara tatu kwa nguvu. Vinavyoanguka na kutembea ni vya kuchunguza.
3. Pitisha kidole juu ya majani ya chini na sakafu iliyo chini ya mti. Kama panata, juu yake kuna mdudu anayefyonza utomvu. Hautumii wote, ziada huitoa ikiwa maji matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi unaofanana na masizi.
4. Fuata sisimizi. Wakipanda na kushuka shinani kwa mstari, fuata mstari mpaka mwisho. Wanakoishia ndiko mdudu aliko.
5. Tazama shina kuanzia chini hadi usawa wa kichwa: matundu, unga wa mbao, udongo uliopakwa kwenye gome, utomvu unaovuja.

Piga picha za karibu. Zitakusaidia baadaye kulinganisha kama wamepungua, maana macho husahau haraka.

Hatua ya 3: Mtambue

*Inzi weupe.* Ukitikisa tawi wanaruka wingu dogo, kisha wanarudi pale pale. Chini ya jani wapo watoto wao waliotulia, wamefunikwa na nta nyeupe. Yupo mmoja ambaye hutaga mayai katika mistari ya nta inayozunguka zunguka chini ya jani; ukiona michoro hiyo kwenye mkungu, mpera au mpapai, ni yeye. Hawa hupendelea kiangazi. Masika yakianza kupiga, idadi yao huporomoka bila msaada wa mtu.

*Vidung'ata.* Wanafanana na vipande vya pamba vilivyobanwa kwenye maungio ya majani, kwenye vikonyo vya matunda na kwenye machipukizi. Tofauti na inzi weupe, hawaruki. Ukiwagusa wanajivuta taratibu au hawasogei kabisa. Mponde mmoja: yule wa mpapai, aliyeingia Afrika Mashariki miaka ya 2010, hutoa maji ya njano. Usidanganywe na jina lake, kwa sababu hushambulia mimea mingi sana ya bustani, haibiskasi ikiwemo.

*Wadudu magamba.* Hawa ndio wanaokosewa zaidi, kwa sababu hawafanani na wadudu. Ni vinundu vidogo vya kahawia, vyeusi au vyeupe, vimegandana na tawi au jani, havina miguu inayoonekana. Watu hudhani ni sehemu ya gome. Kwangua kimoja kwa ukucha: kikitoka na kuacha unyevu, yuko hai; kikibanduka kikavu na kuvunjika, ni ganda la aliyekufa. Jaribio hili likumbuke, tutalirudia.

*Vidukari.* Laini, wadogo, wamejazana kwenye machipukizi mapya, ambayo hujikunja. Kwenye miti mingi wanaudhi tu, hawaui. Ila saiprasi ina kidukari wake, na huyo ni habari nyingine. Alionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, akakausha misitu na nyua za saiprasi kila alikopita. Yeye hakai kwenye ncha tu. Yuko ndani, kwenye vijitawi vya kahawia, na rangi yake inamficha. Ua ukianza kukauka vipande vipande kuanzia ndani, fungua matawi kwa mikono uchungulie.

*Mdudu wa jakaranda.* Jina lake la kitaalamu ni Insignorthezia insignis (zamani Orthezia insignis). Ni mdogo, mwili wa kijani iliyokolea, amevikwa vipande vya nta nyeupe vilivyopangwa, na jike huburuta mfuko mrefu mweupe wa mayai nyuma yake. Anapenda jakaranda na mimea ya mapambo ya jamii ya mvuti. Ukishamwona mara moja hutamchanganya na mwingine.

*Thripi wa fikasi.* Jani limejikunja katikati kwa urefu, lina madoa ya zambarau. Likunjue: ndani kuna vijidudu vyeusi vyembamba. Anaharibu sura ya mti, hauui.

*Viwavi.* Majani yameliwa, kinyesi cheusi cha punje punje kiko chini. Wenye manyoya usiwashike kwa mkono mtupu, na waondoe watoto karibu. Viwavi washa hawana mzaha. Wapo pia wanaojishonea mfuko wa vijiti na kuning'inia nao tawini. Watu huudhani ni tunda kavu, na wakati huo mti unazidi kupukutika.

*Bungua.* Tundu la mviringo, safi, la upana wa penseli, na unga wa mbao chini yake. Kwenye mkrismasi, mwarobaini na mkangazi, mhusika mara nyingi ni mbawakawa mweusi mgumu anayetoboa akielekea ndani ya tawi.

*Chonga.* Huyu ni wa minazi na jamaa zake. Kuti jipya linafunguka likiwa limekatwa kwa umbo la herufi V, na kwenye kilele kuna tundu lenye nyuzi zilizotafunwa zikichungulia nje. Mhusika ni mbawakawa mkubwa mwenye pembe.

*Mchwa.* Udongo uliopakwa kwenye gome. Kwanza ubandue uone: kwenye mti mkubwa, mara nyingi wanakula gome lililokwisha kufa, na mti hauna habari nao. Kwenye mche wa mwaka mmoja ni hatari, kwa sababu wanaweza kuuzunguka wote kwenye usawa wa ardhi.

Hatua ya 4: Angalia kama kazi imeshaanza bila wewe

Kabla hujamwaga tone la kitu chochote, rudi kwenye yale majani uliyoyageuza uone kama kuna wasaidizi. Mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu au wa machungwa wenye madoa, hula vidukari na wadudu magamba. Mayai meupe yaliyosimama juu ya vijinyuzi ni ya mdudu mwenye mabawa ya kioo, ambaye watoto wake hula vidukari. Wadudu magamba wenye tundu dogo la mviringo mgongoni wameshaliwa na nyigu wadogo sana, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama.

Tahadhari kubwa: watoto wa baadhi ya mbawakawa hawa wamefunikwa na nta nyeupe na wanafanana sana na vidung'ata. Tofauti ni mwendo. Anayetembea haraka huku na huku katikati ya vidung'ata waliotulia ndiye anayewala. Watu humuua huyu kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye anayeonekana.

Usidharau nguvu yao. Kidung'ata wa mihogo, aliyekausha mashamba ya Afrika miaka ya 1970 na 1980, alidhibitiwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay, na Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Na yule mdudu wa jakaranda niliyemtaja alipokaribia kuumaliza mti wa asili wa kisiwa cha St Helena, mbawakawa aliyepelekwa kuuokoa mwaka 1993 alitoka Kenya.

Ukikuta zaidi ya nusu ya magamba yana matundu au ni makavu, hatua yako ni moja: osha vumbi, zuia sisimizi, subiri wiki tatu.

Hatua ya 5: Kata njia ya sisimizi

Kama ungefanya jambo moja tu katika mwongozo huu, lingekuwa hili. Sisimizi hula yale maji matamu, na kwa malipo huwafukuza nyigu na mbawakawa wanaotaka kula vidung'ata. Ni wachungaji wenye ng'ombe wao. Ukiwaondoa wachungaji, zizi linabaki wazi.

1. Pogoa matawi yote yanayogusa ukuta, paa, uzio au mti mwingine. Tawi moja likibaki linagusa, kazi yote ni bure.
2. Zungusha utepe wa plastiki au kitambaa kwenye shina, upana wa kiganja, ukibane vizuri kwenye mabonde ya gome ili wasipite chini yake.
3. Paka grisi juu ya utepe. Usipake grisi moja kwa moja kwenye gome, hasa la mti mchanga, huliunguza.
4. Kagua kila wiki. Vumbi na majani hujenga daraja juu ya grisi. Futa, paka upya.
5. Ondoa utepe baada ya miezi miwili au mitatu, usije ukalikaba shina.

Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wana hesabu yao. Kwenye mnazi waache. Wanaulinda dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa, na wakulima wa pwani na Zanzibar wanalijua hilo. Kwenye mti wa kivuli ambao watoto wanacheza chini yake, uamuzi ni wako.

Hatua ya 6: Maji na mkasi

Lenga maji ya kasi upande wa chini wa majani. Vidukari wakianguka chini ni wachache wanaorudi. Inzi weupe watoto na vidung'ata wengi hung'oka. Rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili. Maji huondoa pia vumbi, jambo ambalo wengi hawalihesabu: mti ulio kando ya barabara ya vumbi huwa na wadudu magamba na utitiri wengi zaidi, kwa sababu vumbi huwazuia nyigu kufanya kazi.

Kisha kata. Ondoa vijitawi vilivyojaa kupita kiasi, machipukizi ya ndani yanayosongamana, na majani ya fikasi yaliyojikunja. Viwavi wenye mifuko wachume na uwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ulichokata kitie kwenye mfuko uufunge, uuache juani siku kadhaa. Ukikirundika chini ya mti ule ule, wadudu wanapanda tena jioni hiyo hiyo.

Usikate zaidi ya robo ya majani ya mti kwa mara moja. Na saiprasi usiikate mpaka kwenye mbao tupu. Haitoi machipukizi kutoka kwenye tawi la zamani lisilo na majani.

Kipindi hiki usiweke mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi. Huleta machipukizi laini, ambayo ndiyo chakula ambacho vidukari wanakipenda zaidi.

Hatua ya 7: Sabuni, mafuta, mwarobaini

*Maji ya sabuni.* Kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji (mililita 15) kwa lita moja ya maji. Sabuni ya mche ikune kwanza, uiyeyushe kwenye maji ya moto. Hufaa vidukari, inzi weupe na vidung'ata wachanga.

*Mafuta.* Vijiko viwili vya chai vya mafuta ya kupikia na kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja. Tikisa sana, na uendelee kutikisa wakati wa kunyunyizia kwa sababu hujitenga. Haya ni ya wadudu magamba: huwaziba pumzi. Usiyatumie kwenye saiprasi, wala kwenye mti wenye kiu, wala siku ya joto kali.

*Mwarobaini.* Nusu kilo ya mbegu kavu zilizomenywa, zilizotwangwa, kwenye lita 10 za maji. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, nyunyizia jioni ya siku hiyo hiyo. Jua huiharibu haraka. Majani pia yanafanya kazi, ila nguvu yake ni ndogo. Mwarobaini hauangushi wadudu papo hapo. Hupunguza ulaji wao na kuvuruga kukua kwao, kwa hiyo usiuhukumu kesho yake.

Namna ya kunyunyizia:

1. Jaribu kwanza kwenye majani machache. Subiri siku mbili. Yakiungua, punguza ukali.
2. Nyunyizia alfajiri au jioni, pasipo upepo.
3. Lowesha upande wa chini wa majani mpaka yadondoshe. Sabuni na mafuta huua mdudu aliyeloweshwa tu. Vikikauka havina kazi tena.
4. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu. Mayai hayafi kwa sabuni. Anayenyunyizia mara moja akaacha anawangoja wajukuu.

Hatua ya 8: Walio ndani ya shina, kileleni na ardhini

Sabuni haiwafikii hawa.

Bungua: safisha tundu, ingiza waya taratibu ukifuata mkondo, mpaka uhisi kitu laini, kisha choma na kuzungusha. Waya ukitoka umelowa, umempata. Ziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi au kipande cha sabuni ya mche. Baada ya siku chache tazama: unga mpya ukionekana, rudia. Tawi lenye matundu mengi kata lote na ulichome moto. Usimimine petroli wala mafuta ya taa ndani ya tundu. Unaua mti ukimtafuta mdudu.

Chonga: pinda ncha ya waya iwe ndoano, mvute kutoka kileleni. Lakini kazi kubwa iko chini. Huzaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya mabaki ya mimea. Mnazi ulioanguka ukaachwa nyuma ya nyumba ndio unaoharibu ile iliyosimama. Kata magogo, yachome au yapasue yakauke.

Mchwa: bandua udongo kwa brashi, mwagilia mche vizuri, sogeza matandazo mbali na shina kwa upana wa viganja viwili, na ng'oa kijiti kikavu cha kuegemezea mche, kwa kuwa ndicho kinachowaita. Weka cha chuma. Oili chafu ya gari, ambayo imezoeleka sana, huharibu gome na udongo. Na chokaa nyeupe tunayopaka mashina kila sikukuu ni pambo. Haimsumbui mdudu aliye kwenye majani.

Hatua ya 9: Ukilazimika kununua dawa

Utalazimika mara chache: ua wa saiprasi unaokauka kila wiki, au mti mchanga wa thamani uliozidiwa baada ya hatua zote za juu.

1. Nenda dukani na picha na tawi lililofungwa kwenye mfuko. Taja jina la mdudu, si "wadudu weupe".
2. Nunua iliyosajiliwa tu. Tanzania ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kenya ni Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu (PCPB). Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiguse, hata kama ni bei ya kutupa.
3. Tazama utepe wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Kwa mti wa nyumbani usinunue nyekundu kabisa, na njano ni ya mtaalamu.
4. Usinyunyizie mti uliochanua. Nyuki wako hapo.
5. Dawa zinazomwagwa kwenye mizizi zikasafiri ndani ya mti huingia hadi kwenye maua na matunda. Kwenye mwembe, mpera au mpapai usizitumie kama lebo haikutaja mti huo na siku za kusubiri kabla ya kula.
6. Vaa vile vya kujikinga vyote. Oga baada ya kazi, fua nguo peke yake. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji yake yarudi ndani ya bomba, kisha itoboe.

Dawa ya kuogeshea mifugo si ya miti. Ya kopo la kupulizia mbu pia si ya miti, huunguza majani.

Kama mambo hayaendi

*Nimeosha na kunyunyizia, majani bado meusi.* Masizi hayo hayatoki siku moja. Huota juu ya jani, hayaingii ndani. Tazama majani mapya: yakitoka safi, umeshinda. Ya zamani yatadondoka kwa wakati wake.

*Magamba bado yapo tawini baada ya mafuta mara tatu.* Wafu hawabanduki. Kwangua vichache kwa ukucha. Vikiwa vikavu, acha kunyunyizia.

*Mti ni mrefu, bomba halifiki.* Usipande ngazi na bomba mgongoni. Dawa itakurudia usoni, na ngazi juu ya mizizi haitulii. Zuia sisimizi, osha matawi ya chini unayoyafikia, pogoa ya ndani, na uache wasaidizi wapande wenyewe. Mti mkubwa wenye afya huvumilia wadudu wengi.

*Wamepungua, kisha wamerudi wengi zaidi.* Uliza kwanza kama kuna mtu amepulizia dawa kali: mlinzi, jirani, au kampuni ya kuua mbu. Kisha kagua utepe wa grisi. Mara nyingi kuna tawi limeshagusa ukuta.

*Majani yameungua baada ya sabuni.* Umetumia ya unga, au umenyunyizia saa sita mchana, au umezidisha kipimo. Suuza kwa maji mengi, pumzisha wiki mbili, jaribu nusu ya kipimo.

*Ua wa saiprasi umebaki na mabaka ya kahawia.* Kwangua kijitawi. Kukiwa na kijani chini ya gome, subiri. Kikavu hakitarudi, kata na upande mche mwingine kwenye pengo, na safari hii changanya na mmea wa aina nyingine, usiache kidukari akute meza ndefu ya chakula kimoja.

*Mti wa jirani ndio wenye wadudu, yeye hajali.* Watoto wa vidung'ata na magamba hubebwa na upepo, kwa hiyo hutaweza kuwazuia wote. Kata matawi yako yanayogusana na ya kwake, weka grisi kwenye shina lako, na mwonyeshe gari lake linavyonata chini ya mti. Kwa kawaida gari humshawishi mtu kuliko mti.